Toyota Vanguard ya viti saba: kagua kuanzia siti ya nyuma

Ukitafuta gari la familia lenye safu tatu za siti kwa bei ambayo haifiki nusu ya Prado, dalali yeyote wa Dar es Salaam atakutajia Vanguard kabla hujamaliza kueleza unachotaka. Ana sababu. Ni Toyota, limenyanyuka kidogo kutoka chini, spea zake zipo tele Kariakoo na Ilala, na fundi aliyewahi kufungua RAV4 ameshafungua Vanguard bila kujua.

Hukumu yenyewe ni hii: Vanguard ya viti saba ni gari zuri la watu watano lenye siti mbili za akiba kwa watoto. Siyo gari la watu saba. Na lile la injini ya 2.4, ambalo ndilo la kawaida, lina magonjwa mawili ya gharama, la kula oili na la giaboksi ya CVT (isiyo na gia, inayotumia mkanda wa chuma na puli), ambayo yote hayaonekani kwenye ile raundi ya dakika kumi anayokupa muuzaji kuzunguka mtaa.

Gari hili liliuzwa Japani kuanzia Agosti 2007 hadi 2013. Kimsingi ni RAV4 ya kizazi cha tatu iliyorefushwa: milimita 2,660 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, urefu wa milimita 4,570 kutoka bampa hadi bampa. Kabla ya kuangalia rangi au rimu, soma herufi za mwanzo za namba ya chesisi. ACA33W ni injini ya cc 2,362 inayovuta magurudumu manne. ACA38W ni injini hiyohiyo, lakini inavuta mbele tu. GSA33W ni V6 ya cc 3,456. Kuna Vanguard za viti vitano na za viti saba, na kwa nje zinafanana kabisa, kwa hiyo tangazo lisiloonyesha picha ya siti za nyuma zikiwa zimesimama lichukulie kuwa ni la viti vitano mpaka uone kwa macho.

Safu ya tatu

Anzia hapa, maana ndiyo unayoilipia. Siti mbili za nyuma hujikunja na kuzama sakafuni, kila moja peke yake. Zisimamishe zote mbili, uzilaze tena, kisha uzisimamishe mara ya pili. Kwenye magari mengi zimekaa zimelala miaka kumi na zaidi, na klipu za kufunga zimeshika kutu au zimejaa mchanga. Siti inayosimama lakini ukiisukuma kwa kiganja inacheza haijajifunga, na kwenye breki ya ghafla italala na mtoto aliyekaa juu yake. Vuta mikanda yote miwili mpaka mwisho. Ukigoma katikati, au ukirudi kwa kusuasua, hesabu gharama ya mkanda wa mtumba.

Sasa kaa nyuma mwenyewe. Siti ya pili inateleza mbele na nyuma, kwa hiyo muuzaji mjanja ataivuta mbele kabisa ili uone nafasi. Irudishe mahali ambapo mtu mzima wa safu ya pili atakaa kwa raha, halafu ndipo upime. Magoti yako yatakuwa karibu na kidevu, kwa sababu sakafu ya nyuma iko juu na siti yenyewe ni fupi. Mtoto wa miaka sita hadi kumi na moja hivi anakaa vizuri. Kijana wa sekondari atavumilia kutoka Mbezi hadi Posta, lakini hadi Morogoro atalalamika njia nzima. Washa AC ukiwa umekaa hukohuko na milango yote imefungwa: ubaridi unatoka dashibodi tu, na kwenye foleni ya saa nane mchana hewa ya nyuma inachelewa sana kupoa. Familia yenye watoto wachanga au mzee mwenye shida ya kupumua izingatie hilo.

Siti saba zikiwa wima, buti linabaki na upana wa mabegi ya shule yaliyosimama, basi. Anayewaza kupanda Moshi mwezi Desemba na watu saba, mabegi, na mkungu mmoja wa ndizi wa kurudi nao, ajue kwamba lazima anunue kerea ya juu, na kerea hiyo inaongeza ulaji wa mafuta na kelele za upepo.

Halafu kuna uzito, jambo ambalo halijadiliwi kabisa yadi. Hati za Japani huandika uzito wa gari tupu na uzito wa jumla unaoruhusiwa, na tofauti kati ya namba hizo mbili ni idadi ya abiria mara kilo 55. Kwa viti saba ni kilo 385. Watu wazima watano wa kilo 75 kila mmoja wanatimiza kilo 375 peke yao, kabla hujapakia mtoto wala begi. Gari halitavunjika siku hiyo, kweli. Lakini shokapu za nyuma, bushi na giaboksi ndizo zinazobeba tofauti hiyo kila safari, na ndiyo maana Vanguard iliyofanya kazi ya kusafirisha abiria huonekana imekalia matako ukiitazama kwa ubavu.

Mkanda wa safu ya pili una habari yake. Februari 2016 Toyota iliita magari takriban milioni 2.9 duniani, RAV4 na Vanguard, kwa sababu kwenye ajali kubwa ya mbele chuma cha fremu ya siti ya nyuma kinaweza kugusana na mkanda na kuukata. Dawa yake ilikuwa rahisi: kukifunika chuma hicho kwa kava la plastiki ngumu. Gari lililotoka Japani kabla ya tarehe hiyo halikufanyiwa. Ingiza mkono pembeni mwa kalio la siti ya pili, pale mkanda unapopita kuingia kwenye kifungio, upapase kama ni chuma kitupu au kuna kava. Tovuti ya Toyota ya Japani pia ina ukurasa wa kutafuta kwa namba ya chesisi kama gari lina marekebisho ambayo hayajafanywa. Kwa gari linalonunuliwa kwa ajili ya watoto, hili lingepaswa kuulizwa kabla ya redio. Na redio yenyewe, kwa taarifa yako, ni ya masafa ya Japani na inaishia 90, kwa hiyo stesheni za juu ya hapo huzipati bila kifaa cha kubadilisha masafa.

Mlango wa buti unafunguka kwa ubavu, bawaba zikiwa kulia. Ukiegesha na gari lingine limekubana nyuma, hupakii kitu. Tairi la akiba halipo mlangoni kama kwenye RAV4, hivyo uliza liko wapi na ulione, pamoja na jeki na spana ya nati. Magari mengi ya mtumba hufika bila kimoja kati ya hivyo.

Injini ya 2.4 na tatizo la oili

Injini ya 2AZ-FE ina sifa mbaya moja inayojulikana dunia nzima: hula oili. Sababu yake iko kwenye pistoni. Ringi ya chini, ile inayokwangua oili kwenye kuta za silinda, inategemea vitundu vidogo kwenye pistoni ili oili irudi chini. Vitundu hivyo ni vidogo mno. Vikiziba kwa masizi, oili inabaki juu na kuungua pamoja na petroli. Marekani Toyota ililazimika kuongeza dhamana kwa magari ya miaka ya 2006 hadi 2011 yenye injini hii, na kipimo chake kilikuwa karibu lita moja ya oili kwa kilomita 2,000. Gari lililozidi hapo lilibadilishiwa pistoni na ringi pamoja.

Neno "pistoni" hapo ndilo la kukumbuka. Fundi wengi wa kwetu hubadilisha ringi peke yake kwa kuwa ni bei nafuu, gari likapona miezi kadhaa, halafu moshi ukarudi, kwa sababu vitundu vya pistoni ya zamani vimebaki vilevile. Muuzaji akikwambia "injini imeshafanyiwa ringi", hiyo siyo sifa ya gari. Muulize kama pistoni zilibadilishwa na risiti iko wapi.

Namna ya kulikamata: mwambie muuzaji mapema asiwashe gari kabla hujafika. Gusa boneti, likiwa la moto, rudi kesho asubuhi. Chomoa kipimio cha oili, kifute, kirudishe, kichomoe tena. Oili iwe kati ya alama mbili. Ikiwa chini kabisa ya alama ya chini na muuzaji anasema "service ni wiki ijayo", umeshapata nusu ya jibu. Ikiwa mpya kabisa, ya rangi ya asali, usifurahi pia: huenda imemwagwa jana. Isugue kati ya vidole. Oili nzito inayonata sana huwekwa ili kupunguza moshi siku ya kuuza, na injini hii imetengenezwa kwa oili nyepesi ya 5W-30, maana mfumo wa VVT-i, unaopanga muda wa vali kufunguka, unafanya kazi kwa msukumo wa oili hiyo.

Washa. Mlio kama wa njuga kwa sekunde moja au mbili kisha ukanyamaza ni dalili ya gia za VVT-i au cheni kulegea. Injini hii ina cheni, haina mkanda wa kubadilishwa kila kilomita 100,000, lakini cheni huchakaa haraka oili ikiwa chini mara kwa mara. Acha injini isinzie dakika kumi na AC ikiwa imewashwa. Kisha simama nyuma, mwenzako akanyage mafuta hadi mizunguko 3,000 na kuachia. Moshi wa bluu unaotoka ghafla wakati huo ndio ushahidi. Pitisha kidole ndani ya mdomo wa bomba la moshi: masizi makavu ni ya kawaida, masizi meusi yenye utelezi ni oili.

Kama muuzaji anakubali, fungua plagi zote nne. Kazi hiyo ni dakika ishirini: bolti moja ya namba 10 kwa kila koili, na soketi ya plagi ya namba 16. Plagi yenye utando mweusi wa mafuta ncha nzima inaonyesha silinda inayopitisha oili. Usidanganyike na kipimo cha kompresheni peke yake. Kompresheni inabebwa na ringi mbili za juu, kwa hiyo gari linaweza kupima vizuri silinda zote nne na bado likala lita kila mwezi.

Kwa nini ujisumbue hivyo? Kwa sababu oili inayoungua haimaliziki kwenye gharama ya kujaza tu. Inaharibu sensa za oksijeni na kichujio cha moshi, taa ya cheki injini inawaka, na mmiliki anayesahau kupima anakuja kugundua siku injini inapogonga barabarani. Gari linalokula nusu lita kwa kilomita 2,000 linaishi miaka mingi likiangaliwa, na bei yake ijadiliwe hivyo. Linalokula lita nzima, toa gharama ya pistoni nne, ringi, gasketi na ufundi kwenye bei ya kuulizwa, au ondoka.

CVT

Vanguard ya 2.4 inatumia CVT, na hapa kosa kubwa linafanyika kwenye gereji. CVT hii inataka oili ya Toyota CVT aina ya TC. Oili ya giaboksi za kawaida za otomatiki ni rahisi kupatikana na ni ya bei ya chini, kwa hiyo inawekwa, na mkanda wa chuma ulio ndani ya CVT unaanza kuteleza juu ya puli zake. Puli ikishakwaruzwa hakuna oili itakayoirudisha.

Jaribio la maana ni la nusu saa, siyo la mtaa. Injini ikiwa ya moto, kanyaga breki, weka D, kisha R, kisha D. Gari lijibu mara moja. Likichelewa sekunde mbili au likapiga teke, andika. Halafu endesha kwa upole kutoka kilomita 20 hadi 60 kwa saa, mguu ukiwa mwepesi. Mtetemo kama gari linapita juu ya matuta madogo wakati barabara ni laini ni dalili mbaya ya CVT. Mluzi unaopanda na kasi nao hivyohivyo. Mwisho tafuta kilima, na gari likiwa na watu wanne angalau. CVT iliyochoka, ikipata joto, hupunguza nguvu yenyewe ili kujilinda. Unakanyaga, mizunguko inapanda, gari haliendi. Kwa safari za Iringa, mlima Kitonga utakuonyesha kile ambacho barabara ya Bagamoyo haitakionyesha kamwe.

Usichanganye na mounti za injini. Gari likitetemeka limesimama kwenye D na AC imewashwa, kisha likatulia ukiweka N, hiyo mara nyingi ni mounti. Ni gharama ndogo na inafaa kuitumia kupunguza bei.

Kuhusu mafuta: mjini tegemea kilomita 7 hadi 9 kwa lita, barabara kuu 10 hadi 12 kwa mwendo wa heshima. Anayekuahidi 15 anauza.

V6 ya 3.5 ni gari jingine kabisa. Haina CVT, ina giaboksi ya kawaida ya gia tano, haina tabia ya kula oili kama ndugu yake, na ina nguvu kupita mahitaji ya familia yoyote. Kilomita 5 hadi 7 kwa lita ndiyo adhabu yake. Kitu kimoja cha kukagua kwa lazima: injini ya 2GR-FE ya miaka ya mwanzo ina bomba dogo la oili ya VVT-i ambalo katikati yake ni mpira. Mpira ukipasuka, oili yote inamwagika ndani ya muda mfupi na injini inakufa. Toyota ilitoa bomba la chuma tupu badala yake. Kama bado ni mpira, libadilishwe kabla gari halijatoka mjini. Na ujue plagi tatu za nyuma zimefichwa chini ya manifoldi ya hewa, kwa hiyo fundi akikwambia amebadilisha plagi zote sita kwa nusu saa, amebadilisha tatu.

Chini ya gari

Lipandishe juu, kwenye lifti au shimo. Kutu ya juujuu ya hudhurungi siyo tatizo. Kutu inayobanduka kwa maganda ni gari lililotoka mikoa ya theluji ya Japani, kule wanakomwaga chumvi barabarani, na haliponi kwa kupakwa rangi nyeusi. Rangi nyeusi mpya chini ya gari la miaka kumi na tano ni sababu ya kuchukua bisibisi na kugonga.

Tazama sana mikono ya nyuma ya kurekebishia alaimenti. Mwaka 2012 Toyota iliita RAV4 za 2006 hadi 2011 Marekani kwa sababu nati za mikono hiyo zisipokazwa vizuri baada ya alaimenti, nyuzi za skrubu huingia kutu, hulegea, na mkono unaweza kukatika. Sehemu hii ya Vanguard imejengwa vilevile. Shika gurudumu la nyuma kwa mikono miwili, kushoto na kulia, ulitikise. Likicheza, tafuta chanzo kabla ya kuzungumza bei.

Sauti ya "tok" kwenye usukani ukigeuza gari likiwa linatambaa mara nyingi ni shafti ya kati ya usukani, siyo bol jointi ya chini. Stabilaiza linki na bushi za mbele ni vitu vya kawaida vya barabara zetu. Tairi ziwe nne za saizi moja na uchakavu unaolingana, 225/65R17 au 235/55R18 kutegemea toleo. Kwenye ACA33W hilo siyo urembo: tairi mbili mpya mbele na mbili zilizoisha nyuma zinaifanya kaplingi ya kugawa nguvu mbele ya difu ya nyuma ifanye kazi muda wote hadi ipate joto.

Karatasi, namba na kodi

"Namba E" au "namba D" inakwambia gari lilisajiliwa Tanzania lini. Haisemi lolote kuhusu mwaka wa kutengenezwa. Vanguard ya 2008 iliyoingia juzi ina namba mpya kuliko ya 2012 iliyoingia zamani, na bado watu wanalipia mamilioni ya ziada kwa herufi.

Kama unaagiza, omba karatasi ya mnada yenyewe, siyo iliyochapwa upya na muuzaji. Daraja 4 au 3.5 ni la kawaida kwa umri huu. R au RA maana yake gari liligonga na kutengenezwa. Kwenye mchoro wa bodi, A ni mchubuko, U ni mbonyeo, W ni mahali palipopigwa rangi, S ni kutu, C ni kutu iliyokula, XX ni kipande kilichobadilishwa. Namba inayofuata herufi inaonyesha ukubwa. S na C ndizo za kuogopa kuliko A nyingi. Kilomita zilinganishe na hati ya kufutiwa usajili Japani, kwa sababu ukaguzi wa kule hufanywa baada ya miaka mitatu ya kwanza kisha kila miwili, na kilomita zinaandikwa. Gari lililokuwa na 140,000 kwenye hati haliwezi kuwa na 82,000 kwenye dashibodi. Kwa gari ambalo tayari liko nchini, angalia ngozi ya usukani, mpira wa pedali ya breki na kona ya nje ya siti ya dereva. Hivyo havirudishwi kwa mashine.

Kwa upande wa kodi, Vanguard zote sasa zimezidi miaka 10, hivyo zinaangukia kwenye kiwango cha juu cha ushuru wa uchakavu, asilimia 30, juu ya ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa na VAT. Injini zote mbili pia zinavuka cc 2,000, ambako ushuru wa bidhaa ni mkubwa zaidi. TRA haihesabu kwa bei uliyolipa Japani, inahesabu kwa thamani iliyo kwenye mfumo wake. Ingiza mwaka na aina ya gari kwenye kikokotoo chao kabla hujatuma pesa. Mara nyingi matokeo yake ni kwamba kununua iliyoko nchini tayari kuna nafuu kuliko kuagiza. Kenya swali hilo halipo: sheria yao ya miaka minane ilishaifungia Vanguard mlango, na zinazouzwa Nairobi na Mombasa ni zile zilizoingia zamani.

Na nyingine?

Kluger ya viti saba, ya kabla ya 2007, ni ya bei ya chini na kubwa zaidi, lakini zee. Ile ya 2.4 ina 2AZ-FE ya awali ambayo nyuzi za bolti za silinda hedi hung'oka kwenye bloku na maji yakaanza kuvuja nyuma ya injini. Ile ya V6 ya 3.0 ina mkanda wa taiming na historia ya oili kuganda. Tusingeinunua leo.

Nissan X-Trail T32, iliyoanza mwishoni mwa 2013, ndiyo mshindani wa kweli. Cc 1,997, kwa hiyo iko upande wa nafuu wa ule mpaka wa 2,000. Ni mpya zaidi, ndani imetulia, buti linafunguka kwenda juu. Safu yake ya tatu ni finyu vilevile, au zaidi. CVT yake inataka oili ya NS-3 na ibadilishwe kila kilomita 40,000. Nyingi zinazokufa mapema hazikuwahi kubadilishiwa oili. Hakikisha unapewa ya viti saba, maana haibridi zake ni za viti vitano. Ukiuza baadaye utaona tofauti ya bei kati ya Nissan na Toyota, na hiyo hesabu iingize mwanzoni.

Outlander ya 2012 na kuendelea inafaa kwa anayeishi kwenye lami: GF7W ni cc 1,998 inayovuta mbele, GF8W ni cc 2,359 ya magurudumu manne. Gari jepesi kuendesha, spea chache zaidi mikoani.

Prado 150 ndiyo pekee kati ya hizi inayostahili kuitwa gari la watu saba kwenye barabara mbovu. Lakini hata humo safu ya tatu inakula buti lote, na siti zikiwa za umeme, mota zake ni za kukaguliwa moja moja. Dizeli ya 2.8 iliyoanza 2015 ina kichujio cha masizi na, kwa zilizotoka Japani, tangi la AdBlue, kimiminika cha kusafishia moshi. Kwa safari fupi za mjini vyote viwili vitakusumbua. Petroli ya 2.7 haina makuu, ila kwa mzigo inapanda mlima kwa kuomba.

Wiki ya kwanza baada ya kununua

Mwaga oili ya injini, weka lita 4.3 za 5W-30 pamoja na kichujio kipya, kisha pima kila kilomita 500 mpaka ufike 2,000 na uandike kilichopungua. Hapo ndipo utaijua injini yako. Badilisha oili ya CVT kwa TC hata kama muuzaji ameapa, na mwambie fundi akuonyeshe iliyotoka: nyekundu iliyofifia ni sawa, nyeusi yenye harufu ya kuungua na unga wa chuma kwenye sumaku ni habari nyingine. Maji ya rejeta yawe ya pinki ya Toyota, siyo ya bomba. Toa kichujio cha AC nyuma ya boksi la dashibodi. Mara nyingi ndicho kinachofanya AC ionekane dhaifu. Alaimenti iwe ya mwisho, baada ya bushi na linki. Fundi akimaliza, usiondoke kabla hujamwona akikaza nati za mikono ya nyuma kwa spana ya kipimo, na zipakwe grisi ya kuzuia kutu.